Scola Aingia Chumba cha Baruti

Miaka yote aliyoishi na Salvatori pale Kawajense, Scola hakuwahi kuingia chumba cha uani ambako mumewe alikuwa akijaza risasi za shotigani. Alipita mlangoni na beseni lake la nguo, akasikia mashine ya mkono ikigonga, akaenda zake. Salvatori alikuwa na kibali cha kazi ile, na wateja wake wakubwa walikuwa askari wa wanyamapori wa vijijini, wale wanaofyatua hewani kuwafukuza tembo wasimalize mahindi ya watu.

Kisha kiharusi kikampitia. Kilikuwa kidogo, lakini kilimwachia mkono wa kulia unaotetemeka hata kikombe cha chai hakishikiki. Chumba kikapigwa kufuli. Salvatori akawa mtu wa kukaa barazani akitazama barabara, na siku moja akasema ataiuza mashine kwa mtu wa Sumbawanga.

"Usiiuze," Scola akamwambia. "Nifundishe."

Salvatori akacheka, mara ya kwanza tangu augue. "Mama Yotham, baruti si unga wa ugali."

"Najua. Ndiyo maana nasema unifundishe. Sijasema nitajaribu mwenyewe."

Walikwenda pamoja polisi kuomba jina la Scola liongezwe kwenye kibali. Njoo kesho, njoo wiki ijayo, hata likakubaliwa.

Mwanzoni mumewe hakumruhusu kuigusa baruti. Alimpa maganda yaliyokwisha kupigwa ayafute, ayachungulie moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Lenye ufa, tupa. Lililochakaa mdomo, tupa. Scola akatupa mpaka Salvatori akalalamika kwamba hatabakiza kitu. Halafu akajifunza mashine ikiwa tupu: fataki, ile inayowasha baruti, inakaa wapi kwenye kitako cha ganda, marisau, zile punje za risasi, yanaingia lini, mdomo unafungwaje. Simu ilibaki nje. Jiko la mkaa lilihamishiwa upande wa pili wa nyumba.

"Na ukichoka, acha," Salvatori alisema. "Kazi hii haimtaki mtu aliyechoka."

Siku ya kujaza kwelikweli ilipofika, Scola alikuwa ameshika mwendo mzuri, mumewe akiwa pembeni, mara Hana, jirani yao, akapiga hodi. Alikuja kuulizia gauni la sherehe ya sendofu alilompa Scola amshonee. Scola akatoka, wakaongea kidogo, akarudi. Akayatazama maganda yaliyosimama kwenye kibao, akasita.

"Baba Yotham, hili la mwisho nilishalitia baruti?"

"Ulishatia."

"Una uhakika?"

Salvatori akageukia dirisha. "Yule askari Ndaki anazisubiri leo. Funga tu, tuendelee."

"Mimi sifungi nisichokijua."

Akamimina baruti yote, ganda kwa ganda, akairudisha koponi ili aanze upya. Salvatori aliinuka akatoka, na Scola akasikia kiti cha barazani kikilia. Machozi yalimlenga. Hata hivyo akaivuta mizani mbele yake.

Baadaye mlango ulifunguliwa. Salvatori aliingia, akatia komeo kwa mkono wa kushoto, akaketi karibu naye.

"Mwingine akipiga hodi atasubiri," alisema. "Soma mizani kwa sauti, nisikie."

Jumamosi wakaenda na Ndaki, askari wa kijiji kutoka Kasokola, kwenye korongo lisilo na watu kuzijaribu. Scola alisimama nyuma, ameuma ncha ya kitenge. Ya kwanza ikalia, kunguru wakatimka mitini. Ya pili ikalia. Ya tatu ikasema tik, basi.

Ndaki hakugeuka. Aliacha mtutu umeelekea ukingoni, wote wakatulia kama Salvatori alivyokuwa amewaagiza, wakangoja vya kutosha ndipo akaitoa.

"Mama, hii imelala."

Scola alitamani ardhi immeze. Salvatori akaikagua kitako, akamwonyesha. "Fataki haikukaa sawasawa. Mkono wako uliogopa hapa. Utazoea."

"Hizi mbili zimelia vizuri sana," Ndaki alisema. "Zilizobaki nitazichukua mkishazikagua tena. Mahindi yanakomaa, na tembo wameshaonekana. Nije lini?"

Scola akamtazama mumewe amjibie. Salvatori akatazama kunguru.

"Njoo Alhamisi," Scola akasema.

Walirudi polepole, yeye amebeba mfuko, mumewe akiburuta mguu kidogo.

"Kesho tuamke mapema," Salvatori alisema, "tuanze kabla joto halijapanda."

"Kesho Jumapili. Na ni zamu yako ya kusoma somo kanisani. Umewakwepa vya kutosha."

"Kwa mkono huu? Kitabu nitakishikaje?"

"Nitakushikia mimi."

Walipiga hatua chache. Kisha Salvatori akauliza kama shati lake jeupe limepigwa pasi.