Fundo la Kitita cha Nne

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, vitita sita vya uzi vilikuwa mezani, kila kimoja na namba, hakuna chenye jina. Mashine ya kuvutia uzi hadi ukatike ilikuwa imefungwa ukingoni mwa meza, mshale wake juu ya sifuri. Kitita cha nne kilikuwa na fundo lenye masikio matatu.

Fundo lile nililijua kabla sijajua kusoma. Mjomba, aliyenilea baada ya mama kufariki, alinifungia nalo kamba za viatu vya shule, amepiga goti mlangoni, mikono ikinuka nta. "Hili halifunguki mpaka nilifungue mwenyewe," alisema. Jioni nilirudi viatu vimefungwa vilevile.

Kwa miaka ishirini kiwanda chetu cha viatu kilinunua uzi aliousokota yeye, tena kwa simu tu: "Tuletee kama ule wa juzi." Sikuwa na ushahidi kwamba ulikuwa mbaya. Nilikuwa na viatu mia mbili na kumi na vinne vilivyorudishwa soli zimeachama, na hapakuwa na karatasi hata moja iliyosema uzi unapaswa kuhimili kilo ngapi. Nilipewa ofisi ya manunuzi nikanyooshe mambo. Niliandika kanuni kumi na moja za kushindanisha wauzaji wa uzi. Ya saba ilisema: sampuli ikitambulika ni ya nani, iondolewe kabla ya kupimwa.

Mjomba alizisoma akacheka. "Haya, bosi wangu! Kumbe nilikusomesha uje kunisahihisha." Kisha kicheko kikamwisha. "Mwanangu, sina mteja mwingine. Unajua."

"Najua, Mjomba. Ndiyo maana jina lako wapimaji hawataliona."

Niliona nimemjibu vizuri.

Mezani tulikuwa watatu: mimi, mtunza stoo, na fundi mkuu tuliyemwita Rula. Rula aliponyoosha mkono achukue cha nne, nikamzuia.

"Hicho kiondoe."

"Kina nini?"

"Nakijua ni cha nani."

Mtunza stoo alikigeuzageuza. "Mimi naona uzi tu. Dada, ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi."

"Basi tukivute tu, tusiandike," alisema Rula.

"Kanuni ya saba."

Rula alinitazama, akakiweka sakafuni karibu na mguu wangu.

Cha pili kilishinda. Kilikatika kwenye kilo kumi na tisa. Nilisaini.

Wenzangu walipokwenda kula, nilikivuta cha nne bila kufungua fundo. Kilo ishirini na tatu. Nilirudia: ishirini na tatu. Tena: ishirini na nne. Nikakirudisha sakafuni.

Saa tisa Mjomba aliingia, amevaa shati lake la kwendea harusini.

"Wangu umebeba ngapi?"

"Haukupimwa. Uliondolewa kwa sababu ya fundo."

Alitazama mikono yake kama mtu aliyeambiwa imeiba. "Sikuweka alama, mwanangu. Mimi ndivyo ninavyofunga. Nani alilijua?"

"Mimi."

Alipiga goti, pole pole, akaokota kitita. Vidole vyake vikapita kwenye ncha zilizokatika, vikasimama.

"Huu umevutwa."

"Hilo halimo kwenye kumbukumbu, Mjomba."

Hakuniuliza kilo ngapi, nami sikumtajia. Alilifungua lile fundo, sikio moja moja, akaulaza uzi mezani umenyooka, akatoka.

Tulishonea ule uzi mpya kwa miezi minne, na viatu viliendelea kurudi vimeachama. Mwezi wa tano nilipima gundi. Kosa lilikuwa la gundi, tangu mwanzo.

Siku hiyohiyo, saa kumi na nusu, nilikwenda karakana kwa Mjomba nikiwa na majibu ya vipimo kwenye bahasha. Mlango ulikuwa na kufuli jipya. Nilichungulia dirishani. Mahali iliposimama mashine ya kusokotea uzi, sakafu ilikuwa na matundu manne ya bolti, na yalikuwa yamefagiliwa.