Chai ya Mdogo Wangu

…na ikolee, iwe nyeusi hivi hivi, anaipenda kali mdogo wangu, huyo kitini anafunga kamba za viatu, kidonge chake cha madini ya chuma kiko mezani kinangoja chai, birika liko mkononi mwangu, midomo yake imepauka, masikini, hapana, masikini wa nini, misimu miwili ananipita kwenye kilima cha mwisho bila hata kuhema, kocha anamwita Cherehani kwa miguu yake isiyochoka, mimi ananiita dada yake Cherehani, basi, na nafasi kwenye timu ya mbio ni moja, Jumamosi ndiyo mchujo… "Dada, jana nililala kama gogo," anasema, lala, mama, lala, damu haina kitu, daktari aliniambia mimi, mdogo wangu alikuwa msalani, mwambie mwenzako kidonge asimeze na chai hata kidogo, chai inazuia chuma kisiingie mwilini, ameze na maji ya machungwa, nikasema sawa daktari, na kweli nilitaka kumwambia, pale mlangoni nilishafungua mdomo, naye akanishika kiuno, twende nyumbani dada ukanipikie chai, ameomba mwenyewe jamani, nifanyeje… tangu hapo kila asubuhi namkorogea, na juzi kilimani aliinama akashika magoti, nikampita, utamu ulioje, nilimsikia nyuma yangu anatweta kama ajuza… "Daktari alipiga simu jana," anasema nini huyu, "akauliza kama ulinipa ujumbe wake. Ule wa chai." Ananinyooshea kikombe, usoni hanitazami, anatazama birika. "Nikamwambia ulinipa siku ile ile, mimi ndiye mbishi. Sikutaka uonekane mbaya." Nitukane basi, nipige, chukua hii chai unimwagie miguuni… "Jumamosi utanishinda, dada. Damu hairudi kwa siku mbili." Anaweka kidonge juu ya ulimi, na kweli nitashinda, nitashinda, na namjua atakayekuwa wa kwanza kunikumbatia pale kwenye utepe, mbele ya kocha na watu wote, kwa midomo ile ile iliyopauka akisema hongera dada, nami nitasema asante, nitazeeka nasema asante, kishikio cha birika kinaniunguza kiganja, kikombe kiko pale pale, hakitikisiki… "Mimina basi, dada."