Chumba cha Uani Kilichosomewa Mlango Wake

Mama Pindo alikuwa na pini mdomoni na suruali ya mwalimu mkuu magotini wakati bwana afya alipoingia na karatasi. Kwa kuwa hakuweza kusema bila kumeza pini, alimwonyesha kigoda kwa kidole cha mguu. Bwana afya akakaa, akakohoa kwa adabu, akaisoma karatasi kwa sauti.

Karatasi ilisema kwamba chumba cha uani, ambamo polisi walikuta mitambo ya kupikia dawa za kulevya, kina taka za sumu. Kilipaswa kusafishwa na mafundi maalumu wanaovaa nguo za mpira kuanzia utosini hadi unyayoni. Gharama zote ni za mwenye nyumba. Asipolipa, halmashauri itaiuza nyumba nzima ijirudishie fedha zake.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa kwenye mkeka akifumua gauni kuukuu.

"Yaani mtu aingie kwangu, ajisaidie sebuleni," alisema, "halafu mimi ndiye nitozwe ushuru wa choo."

Huyo mtu walikuwa wakimwita Mpole. Alikuwa mpangaji wa kutamanika, anayesalimia mara mbili na kulipa kodi kabla hajakumbushwa. Alisema anatengeneza sabuni. Wifi aliwahi kumwomba kipande, akaambiwa bado haijakauka. Mvua zikaja zikapita, kiangazi kikaja kikapita, sabuni haijakauka, na wifi akaanza kukohoa.

Siku polisi walipokuja walimchukua Mpole, wakachukua unga wake, gunia lake la noti na gari lake jeupe. Waliacha madumu yanayotoa povu, kuta za manjano zinazotoka jasho, na harufu ya mkojo wa paka uliochemshwa. Kabla ya kuondoka waliandika mlangoni kwa rangi nyekundu: MALI YA SERIKALI. USIGUSE.

Mama Pindo alichomoa pini moja moja, akazichomeka kifuani.

"Mwanangu, mlango ule umeandikwa mali ya nani?"

"Ya serikali, mama."

"Na sumu iliyomo ndani?"

"Sumu ni yako."

"Na lile gari?"

"Gari limetaifishwa. Mkurugenzi ndiye analitumia. Sheria inasema faida ya uhalifu ni ya serikali."

"Na hasara yake?"

Bwana afya aliyatazama mabati. "Mimi nimetumwa tu, mama yangu."

"Basi ukawaambie waliokutuma kwamba silipi. Nyumba hii mume wangu aliijenga kwa tofali alizofyatua mwenyewe, mgongo ukapinda. Haiuzwi kwa uchafu wa mtu mwingine."

"Na uwaambie kifua changu nacho kina ankara yake," wifi aliongeza. "Wakiitaka niwasomee, ni ndefu."

Bwana afya alipoondoka, Mama Pindo alikwenda uani, akasimama mbele ya kile chumba, akakisomea mlango wake, maana chumba hakijui kusoma. Alisoma taratibu, kama anavyomsomea mteja vipimo vya kiuno.

"Umesikia? Una mwenyewe. Sasa nenda kwa mwenyewe."

"Paza sauti," wifi alisema. "Chumba hicho kizito cha kusikia. Kaka alikiwekea dirisha moja."

Asubuhi wifi alitoka kupiga mswaki, akarudi.

"Wifi, chumba kimeondoka."

"Kimeacha mlango wazi?"

"Kimekwenda nao."

"Basi mimina chai, ipoe."

Kilikuwa kimefuata barabara kuu, upande wake wa kushoto, na kwenye kivuko kilisimama watoto wa shule wapite. Mlinzi wa halmashauri aliusoma mlango, akaona ni mali ya serikali, akainua kizuizi. Chumba kikaingia, kikasimama penye nafasi ya mkurugenzi, ubavuni mwa lile gari jeupe, kama watu waliopotezana siku nyingi.

Mkurugenzi alikasirika sana. Alisema chumba kimeegeshwa vibaya. Lori lililetwa kukivuta, kamba ikakatika. Fundi rangi aliagizwa afute yale maandishi, akakataa, kwa sababu yamekataza kugusa na yeye hajawahi kushitakiwa. Kufikia saa nne watu wa uhasibu walikuwa wanakohoa. Fedha za kukisafisha chumba zilitafutwa kila droo, hazikuonekana. Fedha za kumhamishia mkurugenzi ofisi mpya mtaa wa pili, yenye kiyoyozi, zilipatikana kabla ya chakula cha mchana. Wafagiaji walibaki palepale. Walijifunga vitambaa puani, wakaendelea kufagia.

Ankara ya pili ilipofika kwa Mama Pindo, ilikuwa na gharama za kusafisha pamoja na ushuru wa maegesho.

"Silipi," alisema, akaendelea na vifungo.

Ndipo akaja dalali wa halmashauri, na ndoo ya rangi na brashi, bwana afya nyuma yake. Dalali alichagua ukuta wa mbele. Bwana afya alimshika mkono.

"Kaka, andika kwenye karatasi. Ukutani usiandike."

"Wewe unapima vyoo, mimi nauza nyumba," dalali alisema. "Kazi hii naifanya tangu hujaota ndevu."

Akaandika: NYUMBA HII IMETWALIWA NA HALMASHAURI.

"Herufi nene, baba," Mama Pindo alimsihi. "Zionekane mpaka getini."

Dalali alikuwa mtu wa kujivunia mwandiko wake. Akazinenepesha.

Dalali alipokwisha kufunga ndoo yake, Mama Pindo alitoka akaisomea nyumba. Wifi hakungoja kuambiwa. Alishusha glasi kabatini, akailaza kitandani picha ya kaka yake, akakaa juu ya mkeka na kukumbatia cherehani. Nyumba ilijinyoosha, vumbi likadondoka darini, ikashika njia. Majirani walipunga mikono. Mama mmoja aliyekuwa na kikapu aliomba ashushwe sokoni, akashushwa.

Mlinzi aliusoma ukuta, akainua kizuizi. Nyumba ikaenda kusimama mbele ya chumba chake, mahali pale pale ilipozoea kukipa mgongo.

Wako hapo mpaka leo. Wanunuzi walikuja mara moja, wakavuta pumzi, wakaondoka. Suruali za uhasibu zote zinashonwa hapo, maana ni karibu. Madumu bado yanatoa povu. Wafagiaji bado wamefunga vitambaa, na wifi anakohoa palepale alipokuwa anakohoa. Mpole, inasemekana, yuko gerezani, anasalimia kila mtu mara mbili.

Ankara nazo hazijakoma. Sasa haziletwi na mtu. Karani ananyoosha mkono kutoka dirisha lake hadi dirisha la Mama Pindo.

"Ya mwezi huu, mama."

Mama Pindo huipokea kwa mikono miwili, huikunja mara nne, na kuisukuma chini ya mguu wa cherehani, kwa sababu uwanja wa halmashauri umeinama. Juzi alikanyaga, akasikiliza mlio, akatikisa kichwa.

"Mwambie mkurugenzi ya mwezi ujao iwe nene kidogo," alimwambia karani. "Mguu wa kulia bado unacheza."