Funda Moja la Mbangara

Watu wa Voi walikuwa wameshaamua kwamba Fanuel amepona. Nani aliwapa kazi ya udaktari sijui, lakini ndivyo walivyosema kanisani, sokoni na hata pale stendi: "Fanuel siku hizi ni mtu." Kwani zamani alikuwa nini, mbuzi? Fanuel mwenyewe, aliyekuwa akichomelea mageti katika kibanda chake nyuma ya posho mill ya kusagia mahindi, hakuwahi kusema amepona. Akipongezwa alijibu neno moja tu, "Nimeacha," kisha akashusha miwani yake myeusi na kurudi kwenye chuma. Walidhani ni unyenyekevu. Wapi! Alikuwa anaogopa.

Alikuwa anamwogopa Morris. Na Morris alikuwa amekufa.

Hawa wawili walikunywa pamoja miaka mingi. Siku ya mwisho walikuwa Miasenyi, kando ya barabara kuu, walikokwenda kutia milango ya chuma kwenye hoteli ya mtu. Walipolipwa wakanunua chupa isiyo na lebo, wakainywa kwa kupokezana, huyu akipiga funda anampa yule. Kulipokucha Fanuel aliamka na kichwa kinachomwanga. Morris hakuamka. Chupa ilikuwa moja na midomo miwili, na mpaka leo Fanuel hajapata mtu wa kumweleza kwa nini yeye aliachwa.

Alipotoka kituo cha kurekebishia walevi, kule karibu na Mwatate, ndipo Morris alipoanza kuja. Hakuonekana. Alisikika. Jioni, wakati wa kukusanya vyuma na kufunga kibanda, Fanuel alisikia kikohozi kile kikavu nyuma ya mabati, halafu sauti ya kubembeleza: "Fundi, koo si limekauka?" Fanuel aligeuka akawasha jiko. Alipika chai ya tangawizi, akainywa ya moto mpaka machozi yakamtoka, akangoja sauti iende zake. Hakumwambia mtu. Ukisema unaongea na maiti watakupeleka hospitali au kwa mchungaji, na yeye kote huko alikuwa amekwisha kwenda.

Basi alasiri moja akaja Shanice, bintiye wa pekee.

Fanuel alizima mashine upesi, akapangusa stuli kwa shati lake. Shanice hakuwa mtu wa kuja hapo. Alikuwa ameolewa na Mutinda, kijana wa Kikamba anayenunua maharagwe Njukini na kuyauza Voi, na kati ya nyumba yao na kibanda hiki kulikuwa na mwendo wa kumaliza kikombe cha chai, lakini Shanice alipita njia nyingine. Sasa alikaa, akaweka mkono tumboni, na Fanuel akaelewa kabla hajaambiwa.

"Mwezi wa nne, baba," alisema Shanice.

Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hii. Fanuel alishindwa hata kusema hongera, maana neno lenyewe lilimtisha.

"Hospitali wanasema hawaoni shida. Nyanya Wakio anasema anaiona." Shanice aliangalia chini. "Anasema una hasira na mimi. Anataka uje Mgange ufanye kutasa."

Kwa asiyetoka milima ile ya Wataita: kutasa ni kuitoa hasira kwa kinywa. Mzee anayemkasirikia mwanawe anasimama mbele yake, anaitaja hasira yake waziwazi, anapiga funda la mbangara, ile pombe ya miwa, halafu anaipuliza nje itawanyike, na hasira inatoka nayo. Wakristo wengi wameacha. Wengine wameacha mchana tu. Na huyu Wakio, shangazi yake Fanuel na mkongwe wa ukoo aliyebaki, alikuwa na sharti lake ambalo hakuna aliyethubutu kulijadili: usimeze. Ukimeza, hasira umeirudisha ndani, na ikirudi inarudi na meno.

"Sina hasira na wewe, mwanangu," alisema Fanuel.

"Baba. Siku ile tuliyomzika mama..."

Hakumaliza, wala haikuhitajika. Siku waliyomzika Teresia, Fanuel alifika kaburini akiyumba, na alipoinama kuchukua udongo wa kumwagia mkewe, Shanice alimshika mkono mbele ya umati wote akasema, "Huyu asimguse mama." Wanaume wakamwondoa kwa makwapa. Udongo wa mkewe hakuutia.

"Mimi naimba kwaya, najua watasema nini," Shanice aliendelea, sauti ikimkatika. "Lakini naogopa, baba. Hospitali naenda, kwa maombi naenda, na huko kwa nyanya pia nitaenda. Na wewe si unatema tu? Humezi."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Angesema: mwanangu, mimi nikiiweka hiyo kitu ulimini sijui kitakachofuata. Lakini maisha yake yote alikuwa amemnyima huyu mtoto: karo alimnyima, harusi yake hakuhudhuria, na sasa mtoto huyo anamwomba pumzi moja tu ya kinywa. Moyo ukamwambia Fanuel akubali, naye akakubali.

"Ndiyo," alisema. "Natema tu."

Jumamosi wakapanda Mgange, yeye, Shanice na Mutinda. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba mpaka huoni nyumba ya jirani. Fanuel alipofika uani tu, harufu ikampokea, ile harufu tamu yenye uchachu, na mate yakamjaa kinywani bila ruhusa. Alisimama. Ndani ya ukungu, upande wa zizi, mtu alikohoa.

"Leo umealikwa rasmi, fundi," alisema Morris. "Na ni mambo ya ukoo. Nani atakulaumu?"

Fanuel aligeuka haraka. Kulikuwa na ng'ombe mmoja tu, anacheua.

Shangazi Wakio alikuwa tayari, kitambaa cheupe kichwani, fimbo mkononi na hasira zake za kawaida usoni. Alimkalisha Shanice kwenye kigoda katikati ya ua, akamsimamisha Mutinda kando kama shahidi, akamkabidhi Fanuel kibuyu kidogo. Mtungi wenyewe ulibaki jikoni, umefunikwa kwa jani la mgomba.

"Anza," aliamuru. "Na useme kitu cha kueleweka."

"Shanice, mwanangu," alianza Fanuel, "kama labda kuna mahali nilikuwa na kinyongo..."

"Ala! Kama labda?" Wakio alipiga fimbo chini. "Unaomba kazi? Sema!"

Fanuel alikishika kibuyu kwa mikono miwili. Alimtazama binti yake, akaona jinsi anavyofanana na mamake anapobana midomo, na kitu kikamtoka ambacho yeye mwenyewe hakujua kama kimo.

"Ulininyima udongo," alisema. "Mke wangu, na mimi nikaburutwa kama mwizi wa kuku. Nilikuchukia, Shanice. Nilikuchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Na ulikuwa na haki, na hapo ndipo paliponichoma zaidi."

Shanice alilia bila kujifunika uso. Fanuel akainua kibuyu, akapiga funda.

Woi! Watu husema kinywa husahau. Kinywa hakisahau. Mbangara iligusa ulimi na mwili mzima ukainuka kuipokea, masikio yakapata moto, na huzuni yote ikatoka kifuani ikakaa kando kungoja. Morris hakuwa tena kwenye ukungu. Alikuwa hapa, sikioni, akipumua.

"Karibu nyumbani," alisema Morris.

Fanuel akapuliza. Akapuliza kwa nguvu zote mpaka mbavu zikauma, na mbangara ikatawanyika juu ya kichwa cha Shanice na mabega yake. "Itoke!" alipaza sauti Wakio, kisha akapiga vigelegele. Mutinda alipiga makofi. Shanice aliinuka akamkumbatia babake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa msichana wa shule, na Fanuel alisimama ndani ya mikono yake bila kusogea.

Kwa sababu chini ya ulimi kulikuwa kumebaki kidogo. Tone, matone mawili. Angeweza kuyatema. Na tusidanganyane hapa, hayakuteleza, hayakumponyoka. Aliyameza.

Hakuna aliyeona. Wakio alikuwa anawaita ndani wakale. Shanice alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, anamwonyesha mumewe nywele zilizolowa. Na Fanuel, akiwa amesimama palepale, aligundua kwamba tayari anajua jikoni kuna mlango wa nyuma. Anajua wakiwa mezani atasema anaenda chooni. Anajua jani la mgomba litafunuka bila kelele, na amekwisha kuona kwa macho limau mtini pale karibu na tangi, la kuua harufu. Hakuna aliyempangia hayo. Yamejipanga yenyewe, haraka, kwa ustadi, na yule Fanuel wa zamani aliyedhaniwa amezikwa alikuwa akifanya kazi kwa furaha.

"Nyamaza tu," alisema Morris. "Msichana amefurahi. Unataka kumharibia?"

Na hapo Morris alikuwa amesema kweli, mshenzi yule. Akinyamaza, mwanawe atashuka Voi na moyo mweupe, atalala usingizi. Akisema, tambiko limeharibika, hasira imerudi na meno, na mwenye mimba anasikia. Fanuel alitazama mlango wa nyumba. Alitazama jikoni. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshageuka kuelekea jikoni, na yeye hakuwa ameuambia ugeuke.

"Shanice," alisema. "Nimemeza."

Vicheko vikakatika.

"Nini?" aliuliza Wakio.

"Kidogo. Na si bahati mbaya, nilitaka. Bado nataka." Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtoto. "Nimeshapanga nitakavyoingia jikoni mkiwa mnakula. Morris yuko hapa, ananiambia ninyamaze. Huwa anakuja kila jioni, na sijawahi kumwambia mtu. Usiniache peke yangu leo, mwanangu. Nisamehe. Usiniache peke yangu."

Shanice akashika tumbo kwa mikono miwili. Fanuel aliiona hiyo mikono, na kama ardhi ya Mgange ingepasuka wakati ule angeshukuru.

"Unaona sasa!" Wakio alianza. "Nilisema nini mimi? Nilisema..."

"Nyanya, ngoja." Shanice hakumwondolea macho babake. "Sasa hivi bado unaitaka?"

"Ndiyo."

"Hata mimi nikiwa nimesimama hapa? Hata na huyu aliye tumboni?"

"Hata sasa." Fanuel alikuwa analia waziwazi, mbele ya mkwewe, na hakujificha. "Nakupenda na naitaka. Vyote viwili vimo humu humu. Hakuna siku kimoja kilifukuza kingine."

Ukungu uliingia uani ukapita katikati yao.

"Mimi nilikuwa nafikiri ulikuwa unatupima," alisema mwishowe, polepole. "Sisi upande huu, pombe upande ule. Na kila siku nilikuwa najiuliza mbona sisi ndio wepesi."

"Hapana," alisema Fanuel. "Hapana, mwanangu. Hapana."

"Mutinda," alisema Shanice, "ingia jikoni umwage huo mtungi."

Mutinda akamtazama bibi kizee kwa woga. Kumwaga mbangara ya mkongwe wa Kitaita si jambo dogo, na Mkamba wa watu hakutaka laana zisizo za kwao. Lakini Wakio hakufoka. Alikuwa ameegemea fimbo, ghafla amekuwa mzee wa umri wake.

"Mwaga," alisema. Halafu akamgeukia Fanuel. "Baba yako alikuwa anameza. Nilisimama hapahapa nikimwona koo linapanda na kushuka, na ndugu yangu yule mwingine vilevile. Walimeza wote, na wote wakaniangalia usoni wakasema wametema. Nami nikanyamaza, ili nisiaibishe wanaume. Tumewazika. Wewe ndiye wa kwanza kusema."

Mtungi ulisikika ukibubujika nyuma ya jiko. Fanuel alifumba macho mpaka sauti ile ikaisha, na Shanice alimshika kiwiko kwa nguvu, kwa kuwa alimhisi akivutwa.

"Sasa arudie," alisema Shanice. "Kwa maji."

"Maji?" Wakio alikunja uso. "Kwa maji haijafanywa hapa."

"Kwa maji, nyanya, ama twende nyumbani."

Wakio alimpima msichana yule kwa macho, kisha akaenda mwenyewe kwenye tangi, akasuuza kikombe cha bati mara kadhaa, akakinusa, akakisuuza tena, akaleta maji.

Safari hii ilikuwa ngumu zaidi. Maji hayakuwa na harufu ya kumsukuma, wala hapakuwa na kelele za kumbeba. Fanuel alisimama mbele ya binti yake na maji ya baridi, akarudia maneno yote: udongo, makwapa, chuki. Akaongeza na yale ambayo hakuyasema mwanzo, kwamba alikuja kaburini amelewa kwa sababu aliogopa kuja bila kulewa, na kwamba hasira nyingine ilikuwa ya kumkasirikia Teresia kwa kufa. Akapiga funda. Akapuliza. Maji yakampata Shanice usoni, naye hakuyafuta.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Hakuna aliyejua kama imekubalika au haijakubalika, wala kama mtoto yule atakaa.

Shanice akasogea karibu. Akamshika babake kidevu kwa vidole viwili.

"Fungua mdomo," alisema.

Fanuel aliwatazama wengine: shangazi yake, na Mutinda, mkwewe, ambaye kwa heshima aligeuza uso akaangalia migomba. Mtu mzima. Baba wa mtu. Akafungua mdomo.

"Inua ulimi."

Akainua. Binti yake akachungulia ndani, huku na huku, bila haraka, na pumzi yake ilimgusa Fanuel usoni.

"Hamna kitu," alisema Shanice. "Kesho nitakuja kuangalia tena."