Jengo la Njano, Mlango wa Kushoto

Wenzake walimpachika jina la Dira kwa dhihaka tu, maana kijana huyu, mwanafunzi wa upimaji wa ardhi, alikuwa na kipaji cha kupotea hata akienda kantini. Kwa hiyo chuo kilipomchagua akasome muhula mmoja kwenye chuo rafiki, katika mji ambao hakuwa na ndugu wala jamaa, mama yake alishika kichwa. Baba yake, mtu wa maneno machache na hasira za karibu, alimwambia: "Huyo mama utakayekaa kwake, msalimie. Na usijitie ujuaji. Uliza."

Maelekezo aliyapata kwa simu kutoka kwa mlezi wa wanafunzi. Ashuke sokoni, azunguke nyuma ya duka la dawa, ataona jengo la njano. Apande ghorofa ya pili, agonge mlango wa kushoto. Mwenye nyumba ni mama mmoja ambaye wanafunzi wote humwita Shangazi. Jambo ambalo mlezi hakulisema ni kwamba nyuma ya duka la dawa kuna majengo mawili ya njano yanayotazamana, ngazi zile zile, madirisha yale yale, utadhani mjenzi alichoka kufikiri. Dira aliingia kwenye la kwanza aliloliona, na wala hakuuliza.

Mlango ulifunguliwa na mama wa makamo, tepu ya kupimia shingoni, pini kazibana midomoni.

"Shikamoo. Nimeelekezwa kwa Shangazi. Mimi ni mwanafunzi, nimekuja kusoma."

Pini zote zikaanguka sakafuni.

"Ndiye mimi! Ndiye mimi shangazi yako!" Akamkumbatia hadi begi likamponyoka. "Karibu, baba, karibu! Niliposikia unakuja kusoma huku nikasema wazazi wako kwangu hawatakuleta. Hebu nikuone. Pua ya babu yako, ile ile!"

Dira akajishika pua. Babu yake huyu mama alimjulia wapi? Lakini alikuwa mgeni, amechoka, ana njaa, akajiambia huenda ndivyo wenye nyumba wa mji huu wanavyopokea wapangaji.

"Na baba yako? Hajambo?"

"Hajambo."

"Bado mkali?"

"Kidogo. Ila siku hizi amepoa."

Mama akavivuta vidole vyake kimoja kimoja, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Alisema lolote kuhusu mimi?"

Hapo Dira alifanya ambalo mtoto yeyote aliyelelewa vyema angelifanya. "Anakusalimu sana, Shangazi."

Baba yake hakusema "sana". Lakini nani hupeleka salamu kavu? Hiyo "sana" ni kama chumvi, kila anayebeba salamu huiongezea njiani. Mama akaketi juu ya rundo la mapazia aliyokuwa akiyashona na kulia kwa kwikwi, na Dira akabaki amesimama kama nguzo, hajui ambembeleze au aokote pini.

Basi akaanza kuishi humo, na kila kukicha akili inazidi kumruka. Chuoni palikuwa na matatizo yake: vyumba vya madarasa vilivyohesabiwa kuanzia juu kwenda chini, na mwalimu anayeongea upesi kama mnadi. Siku moja alikaa kwenye somo la uuguzi mpaka lilipokwisha, akiandika, kwa kuona haya kutoka. Lakini kizungumkuti hasa kilikuwa nyumbani. Shangazi alikuwa amehamishia cherehani yake jikoni ili chumba kiwe cha Dira. Akimwona anasoma, huacha kushona asimpigie kelele. Kuosha hata kijiko alimkatalia katakata. Na jioni humsimulia vituko vya baba yake: jinsi alivyokuwa akikimbia juu ya mapaa ya mabati, jinsi alivyoruka kutoka juu ya tangi la maji. Dira alisikiliza mdomo wazi. Baba yake mwenyewe huyu, anayeita jirani aje kubadilisha taa kwa kuogopa kupanda stuli?

Alitaka kuuliza. Lakini utaanzaje kumwambia mtu mzima anayekumiminia chai kwamba hujui anachosema?

Halafu jioni moja Shangazi akalifikia jambo alilokuwa akilizunguka. "Siku tuliyomzika mama nilichelewa. Basi liliharibika njiani. Nilipofika, kaburi limekwisha kufukiwa. Baba yako akasema mbele ya watu wote, tangu leo sina dada. Wewe nilikuacha wa kubebwa mgongoni."

Chai ilimpalia Dira. Bibi yake, mama wa baba yake, alikuwa hai, mzima, na juzi tu alimkaripia kwenye simu kwa kutompigia.

Kesho yake akiwa chuoni, simu ya mlezi ikaingia. "Kijana, uko wapi? Shangazi, mwenye nyumba wako, amerudi safari leo, amekuta chumba chako hakijaguswa!"

Mambo yakamkalia sawa yote kwa pamoja, na masikio yakamwaka kwa aibu. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha mtoto wa watu. Hilo lingesameheka. Lakini alikuwa amempa mama wa watu salamu za kaka asiyezituma, na mama yule alikuwa ameziamini, tangu hapo anaimba akishona. Dira alifikiria kuchukua begi kimyakimya. Lakini mama yule atadhani mtoto wa kaka yake kamkimbia. Akarudi akijikokota.

Alimkuta Shangazi amesimama jikoni, simu mkononi.

"Afadhali umekuja, baba. Akili yangu imegoma. Zile salamu zilinitia moyo, leo nikampigia baba yako. Nikamwambia, kaka, salamu zako nimezipata. Nikamsikia akivuta kiti. Kisha akauliza, 'Zimefika?' Nikasema zimefika. Akasema, 'Nashukuru.' Halafu ati mtoto atakuja kuniona Jumapili, anakaa hosteli. Mtoto yupi tena? Si wewe hapa?"

Dira akamweleza. Alianzia kwenye duka la dawa, akajichanganya, akaanza upya. Shangazi alimsikiliza bila kumkatiza, akimkazia macho usoni.

"Hata pua si yetu?"

"Ni ya upande wa mama, Shangazi."

"Na salamu?"

"Za baba yangu mimi. Alimtumia mwenye nyumba. Nisamehe."

"Kwa hiyo kaka yangu hakutuma kitu."

"Hakutuma."

Shangazi akavuta kiti cha cherehani akakaa. Dira alisubiri kilio, au matusi, na alijiona anastahili vyote viwili. Mama akawa anaitazama simu tu.

"Hakutuma," alisema tena polepole. "Na alipoambiwa zimefika, hakuzikana. Angeweza kuniuliza, salamu gani? Ana mdomo yule, wewe humjui."

Kisha akajifuta macho kwa pindo la pazia la mteja. "Haya, kachukue begi lako, mwenye nyumba wako asije akasema nimemwibia mpangaji. Jumapili uje, ukae na mwenzako. Jengo unalijua sasa."

Dira akaingia chumbani, akakunja nguo zake vibaya vibaya, asijue kama afurahi au aone aibu bado. Alipotoka na begi, Shangazi alikuwa amempa mgongo, simu sikioni.

"Kaka, ni mimi tena," alikuwa akisema. "Hapana, hakuna baya. Asubuhi sikukuuliza. Wewe hujambo?"