Taa Isiyo na Joto

Watu husema Doha hakuna theluji. Hawajaingia kwenye jumba la michezo ambako Nafula, binti wa Bungoma, hushinda kutwa amevaa koti zito na glavu huku nje jua linachoma lami. Mashine hupuliza theluji kutoka darini, wateja huteremka mlima wa kutengenezwa wakiwa juu ya vibao, na chini njia yao hukatana na reli ya treni ndogo. Hapo pana taa, nyekundu na kijani, na hapo ndipo alipopangiwa kazi.

Taa za zamani zilikuwa za balbu, na balbu ina joto. Theluji ikitua ilikuwa inayeyuka yenyewe. Kisha msimamizi Rodney, Mkenya mwenzake, akaleta za LED na kujisifu kwamba hazili umeme. Kweli hazikula, lakini joto lake halikutosha hata kukausha kitambaa. Ndani ya dakika kumi kioo kilikuwa kimezibwa na theluji, nyekundu haionekani. Nafula alimwambia mara tatu, na mara tatu akajibiwa apanguse.

Akishika brashi, hana mkono wa kuwasimamisha wateja. Akiwasimamisha, taa inaziba. Basi akafanya alichokijua: akapaka kioo mafuta ya mgando, yale ambayo kwao hupakwa miguu isipasuke. Siku mbili theluji iliteleza vizuri. Ya tatu, Ijumaa yenye umati, mafuta yakakakamaa kwa baridi na theluji ikanata juu yake kama unga kwenye mwiko. Mteja hakuona nyekundu, akaligonga behewa, akavunjika mkono.

Jumamosi asubuhi Rodney akamwekea barua mezani: uzembe kazini, kisa mafuta. Akitia sahihi, atabaki kwa onyo. Akikataa, atakatiwa tiketi ya kurudi Kenya.

Nafula aliogopa, asikudanganye mtu. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Mafuta ni yangu, hiyo sikatai," akasema. "Lakini hiyo taa baridi ni yako, bosi. Andika zote mbili, nitasaini."

"Usiniletee siasa, Nafula. Saini twende kazi."

Akachukua kalamu. Chini ya barua akaandika kwa herufi kubwa siku zote tatu alizotoa taarifa, kisha dawa yenyewe: waya wa kupasha kioo joto, na kofia ya bati juu ya taa. Hapo ndipo akasaini. Akaikunja barua, akashuka hadi njia panda, akaketi juu ya reli.

Rodney akamwamuru Shabani, dereva wa treni kutoka Tanga, awashe injini ili mwanamke aondoke. Shabani hakuwa mtu wa maneno, na Ijumaa ni yeye aliyekuwa akiendesha treni iliyogongwa. Akaitazama taa, nyeupe tupu. Akachomoa ufunguo wa treni na kumkabidhi Nafula.

"Sogea kidogo, dada," akasema, akaketi kando yake.

Wateja walikuwa wameshajazana mlangoni. Rodney akapanda ngazi kupangusa taa mwenyewe. Akapangusa, ikaziba. Akapangusa tena. Mara ya tano akashuka, vidole vimekufa ganzi, akampigia simu fundi wa umeme na kumwambia aje na waya na bati.

Nafula hakuinuka. Akaikunjua barua, akamnyoshea pamoja na kalamu.

"Sasa saini wewe."