Sabato ya Minyoo

Mzee Obadiah wa kanisa alikuwa na sikio la kusikia dhambi hata ikinong'ona. Sabato ile, baada ya kushiba chakula cha mchana kwa Nyamusi, alitoka nje kunyoosha miguu. Alipofika chini ya ghala akaiona ndoo ya rangi iliyofunikwa. Akainama, akabandika sikio kwenye kifuniko.

"Dada Nyamusi," akaita, "humu ndani kuna watu wanafanya kazi."

Nyamusi akacheka. Akamweleza kuwa ni minyoo tu, wale wekundu aliopewa na bwana shamba. Unawalisha maganda ya ndizi, majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa na magazeti yaliyochanwa, nao wanakutolea mbolea nyeusi, laini kama unga wa wimbi. Kabla hawajaja, migomba yake ilizaa ndizi za ukubwa wa kidole gumba. Sasa mkungu mmoja ulimshinda mtu kubeba. Aliringa kidogo alipolisema hilo, na hapo ndipo alipojipalia makaa.

"Kwa hivyo wanakufanyia kazi," mzee akasema. "Na amri ya Sabato inasema usifanye kazi, wewe, mtumishi wako, wala mnyama wako."

"Wanakula tu, mzee. Ng'ombe wako leo hajala?"

"Yaya, hapana! Ng'ombe kazi yake ni maziwa. Hawa, kula ndiyo kazi yenyewe."

Nyamusi alidhani ni utani. Jumapili baraza la kanisa likakaa, watu wazima saba na Biblia saba, wakajadili kutwa nzima kama kunya ni kazi. Mwalimu Job alishikilia kuwa si kazi, maana hata mchungaji huenda chooni siku ya Sabato. Obadiah akajibu kuwa mchungaji hafugwi kwa ajili ya hilo. Job akaifunga Biblia yake, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Hukumu ikatoka: minyoo wakikutwa kazini kwa Nyamusi Sabato yoyote, hatakanda tena mkate wa meza ya Bwana.

Neno hilo lilimchoma. Mkate ule ameukanda miaka kumi na tisa, na kabla yake aliukanda mama yake. Barazani hakuwa na sauti, kanisani hakuwa na kiti cha mbele. Alikuwa na mkate ule. Lakini kuwaua minyoo pia hakuweza. Aliwapenda, aibu au si aibu.

Ijumaa akawanyima maganda. Wakala magazeti. Akayatoa magazeti, nao wakaanza kula mbolea yao wenyewe, wakatoa nyingine. Nyamusi akakaa kitako kando ya ndoo, akakaribia kulia.

Aliyemwokoa ni jirani yake Benta Apondi, muuza dagaa wa omena sokoni Ikonge, mtu wa ziwani na Mkatoliki. "Mama, lete hao watoto walale kwangu," akasema. "Mimi Jumamosi nafanya kazi, na wao wafanye." Kisha akainua kidole. "Lakini usichelewe kuwachukua wakaniingilia Jumapili. Hata mimi niko na padre."

Basi kila Ijumaa, jua likielekea kuzama nyuma ya mashamba ya majani chai, Nyamusi alivuka ua na ndoo yake, na Jumamosi jioni akaifuata. Baraza likaridhika. Sabato tatu zikapita hivyo.

Ya nne hakuvumilia. Ibada ilipokwisha, akaenda kuwajulia hali. Nyuma ya jiko la Benta akamkuta Mzee Obadiah ndani ya suti ya kanisani, tai imetupwa begani, magoti ardhini, akichota mbolea kwa mikono miwili. Benta alikuwa amemshikia mfuko.

"Huyu huja kila Jumamosi," Benta akasema. "Anasema mbolea ile imetengenezwa hapa kwangu haina dhambi."

Mzee hakuinua uso. "Migomba yangu inakufa, Nyamusi. Niliona haya kukuomba."

"Na leo ni Sabato."

"Kutembelea wagonjwa kunaruhusiwa."

"Wagonjwa gani, mzee?"

"Migomba."

Hasira na kicheko vilimjia Nyamusi pamoja. Akaifunika ndoo, akamkabidhi. "Basi nihurumie na mimi. Nibebee hadi nyumbani, mgongo unaniuma."

Hakukata uani; alimwongoza kwa njia ya kuzunguka, ile inayopita mlangoni mwa kanisa. Wanakwaya walikuwa wamesimama nje, na Mwalimu Job na baraza karibu lote. Wakamtazama mzee, magoti yenye udongo na ndoo mkononi.

"Mzee," Job akauliza, "si hao ni wale minyoo? Na leo?"

Obadiah akaitua ndoo. Akamtazama Nyamusi, Nyamusi akatazama pembeni. Mzee akapiga magoti mbele ya watu wote, akabandika sikio kwenye kifuniko, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Wanakula tu," akasema.

Ijumaa iliyofuata ndoo haikuvuka ua. Nyamusi alikuwa jikoni, anakanda mkate.